Jina Yenye Mwalimu Teresa Hangeweza Kuita

Kama ulisomea shule yetu, ile iko kando ya barabara ukitoka Kakamega ukienda Sigalagala, na umeshapita miaka thelathini, basi ni Mwalimu Teresa alikushika mkono akakuonyesha venye penseli inashikwanga. Alifundisha darasa la kwanza miaka ishirini na nne. Hiyo hiyo tu. Walimu wengine wakipewa la nane wanatembea kifua mbele, yeye akiambiwa apande hata la tatu anasema, "Huko watu washajuana, mimi nitaenda kufanya nini?"

Na hasahaungi mtu, aki. Saa hii amestaafu, magoti inamsumbua, lakini ukipatana na yeye sokoni atakuita jina yako, na ya baba yako, na kitu ulifanya. Mamangu anaitwa Winrose. Juzi walipatana kwa mama mboga, hawajaonana miaka mingi, na Mwalimu akasimama akamwangalia kidogo tu. "Winrose," akasema. "Mwenye alikula chaki." Mbele ya watu wote! Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mamangu alinunua sukuma wiki akaondoka bila chenji.

Jioni mamangu akiwa amepoa ndio aliniambia kuna jina moja ilimshinda Mwalimu. Kuikumbuka hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kuita. Baadaye nikaenda kwa Mwalimu mwenyewe nikamuuliza, akanipa chai, akaniambia yote. Kwa hivyo hii yenye nasema ni ya watu wawili, mmoja alikuwa mbele ya ubao na mwingine alikuwa dawati ya tatu, na wanakosana tu kwa mambo ya chaki na ya nani alilia.

Ilikuwa Januari 1993. Teresa Ayuma alikuwa na miaka ishirini na sita. Kwao ni upande wa Malava, lakini alikuwa ameolewa huku na Protus, fundi wa mbao, mtu mpole mwenye vumbi ya msumeno kwa nyusi kila saa. Walikuwa wanakaa kwa boma ya baba ya Protus, Mzee Cornelius. Mama ya Protus hakuwa. Alikufa 1985, miaka tano kabla Teresa aolewe. Hawakuwahi kuonana hata siku moja.

Sasa huku kwetu, mke hataji jina ya mama mkwe wala ya baba mkwe. Hata akiwa amekufa. Hasa akiwa amekufa. Ukitaka kumsema unasema "Mama" ama "mama ya Protus", basi. Na kama kuna mtu mwingine sokoni ana jina kama hiyo, wewe unazungukanga tu: "Yule wa kuuza omena, mrefu, mwenye anachekanga sana." Watu wanaelewa. Hakuna mwenye anakuuliza kwa nini unazunguka.

Teresa alikuwa anaijua hiyo jina, si kwamba hajui. Ilikuwa imeandikwa kwa simiti ya kaburi nyuma ya jikoni, herufi kubwa nyeupe: MUHONJA. Alikuwa akipita hapo na ndoo ya maji asubuhi na jioni. Macho yake ilikuwa imeisoma labda mara elfu. Mdomo wake, hata mara moja.

Hiyo Jumatatu ya kufungua shule, hedimasta alisimama kwa paredi. Alikuwa anaitwa Mwalimu Kibiwott, mtu wa upande wa Nandi, mrefu, na suti moja ya kahawia yenye alikuwa anavaanga Jumatatu na Ijumaa. Akasema, "Walimu. Ijumaa nitasimama mlango ya darasa la kwanza. Mwalimu aite watoto wote majina, bila kitabu. Mtoto mwenye jina yake haijulikani anaweza kupotea hapa na hakuna mtu ataenda kumtafuta." Watoto wa la nane wakacheka. Akawaangalia, wakaacha.

Watoto wa la kwanza walikuwa arobaini na saba. Walikuja na mama zao, unifomu kubwa za kukulia, vitabu kwa juala, ile mfuko ya plastiki. Wengine wanalia, wengine wameshika sketi ya mama kama wanaenda kudungwa sindano. Mamangu anasema yeye hakulia. Mwalimu anasema alilia.

Na karibu wa mwisho akaingia Jescah. Huyu Jescah ni dada mkubwa wa Protus, ameolewa karibu tu, ng'ambo ya mto, sauti yake unaisikia kabla umuone. Alikuwa ameshika mkono msichana mmoja mwembamba wa miaka saba, amenyolewa safi, amepakwa mafuta mpaka anang'aa.

"Mulamwa," Jescah akamwambia Teresa, venye mashemeji wanaitana huku, "nimekuletea mama. Amekuja kusoma."

Teresa akacheka. Alikuwa anamjua huyo mtoto. Jescah alimzaa mwaka mmoja baada ya kuzika mama yake, na akampa jina ya mama yake. Nyumbani watu wakubwa walikuwa wanamwita tu Mama, kwa hivyo Teresa hakuwa amewahi kufikiria sana. Alikuwa akimwita Mama pia, anampa ndizi, wanaachana. Sasa akachukua kadi ya kliniki ndio aandike rejista, na hapo ndipo akaona. Muhonja. Na nyuma, jina ya baba. Basi.

"Jina ya kanisa iko wapi?"

"Atabatizwa Pasaka."

"Si unipe tu mapema, niandike na penseli?"

"Jina bila maji? Wewe mulamwa, hata padri atanicheka."

"Sasa mimi nitamwita nani?"

Jescah akaacha kucheka. "Wewe ndio mwalimu, utajua. Lakini ile ingine sitaki kuisikia kwa mdomo yako. Huyo mtu mimi nilimzika. Wewe hata uso hujui."

Akaenda. Teresa akabaki na kadi mkononi. Na hauwezi kuita mtoto msichana wa miaka saba kwa jina ya baba yake, ataangalia nyuma aone kama baba amefika.

Mwalimu Teresa alikuwa na njia yake ya siku ya kwanza, na aliitumia mpaka akastaafu. Alikuwa akitoa watoto wote nje kwa nyasi, wanakaa mviringo, yeye pia anakaa chini na sketi yake. Halafu anatoa mpira ametengeneza mwenyewe, ya majani kavu ya ndizi. Kwanza kila mtu anasema jina yake. Halafu ukishika mpira unachagua mtu, unamwita jina, unamrushia. Ukikosea jina, mpira inarudi kwa mwalimu.

Hiyo raundi ya kwanza tu ilikuwa sinema. Ya kuanzisha akaita moja kwa rejista, "Weldon!" Hakuna mtu. "Weldon!" Kimya. Huyo Weldon alikuwa amekaa hapo karibu na magoti ya mwalimu, ametulia, anangoja pia aone Weldon ni nani. Dada yake wa la nne akapita akienda kuchota maji, akapiga kelele, "Papa! Ni wewe! Simama!" Kumbe nyumbani alikuwa anaitwanga Papa, jina ya rejista hakuna mtu alikuwa amemwambia. Akasimama, akauliza, "Na Papa ataenda wapi?"

Mwalimu aliniambia hiyo swali hajaijibu mpaka leo.

Ikafika kwa huyo msichana. Akasimama wima, mikono imenyooka kando, akasema kwa sauti kubwa kuliko wote, "Muhonja!" Kama mtu ametoka kununua kitu mpya na anataka muione. Halafu mpira ikaanza kuruka. Winrose, Kiptoo, Adhiambo, Weldon, "wewe mwenye sweta", kosa, rudisha kwa mwalimu. Kila mpira ikirudi, Mwalimu anachagua mtu mwenye hajaitwa. Mpaka akabaki mmoja. Wote wameshika mpira isipokuwa huyo, na mikono yake iko tayari, imefunguka hivi.

Mwalimu akainua mpira. Akafungua mdomo.

"Mama," akasema, akarusha.

Msichana hakushika. Mpira ikamgonga kifua ikaanguka kwa nyasi.

Wenzake wakaanguka pia, kwa kicheko. Mama! Mwalimu amemwita mama! Mamangu anasema alicheka mpaka akajikojolea kidogo, na hiyo sehemu aliniambia nisiandike. Wakati wa mapumziko walimzunguka. "Mama, nipe uji!" "Mama, nifungie kiatu!" "Mama ya mwalimu, tuambie asituchape!" Yeye akasimama kando ya choo, amekunja mikono, hajibu mtu.

Jumanne Mwalimu akaja na akili ingine. Akasema rejista hatasoma yeye, watoto wataitana wenyewe. Mmoja akiitwa anasema "niko", halafu anaita mwenye anafuata kwa mstari. Walipenda sana! Hata kazi ilienda haraka. Weldon, sasa ameshakuwa Weldon kabisa, akaita, "Muhonja!" Yeye akasema "niko", akaita mwenye anafuata. Lakini hakuangalia Weldon. Alikuwa ameangalia Mwalimu. Siku nzima alimwangalia hivyo, akinakili A, akila, akiimba. Mwalimu aliniambia, "Mtoto anaweza kukuangalia mpaka ukumbuke madeni zote za dhambi zako."

Jumatano hakuja.

Ilipofika jina yake, mwenye alikuwa anaita akanyamaza, hajui aendelee aje. Weldon akainua mkono. "Mwalimu, nimempita kwa mto. Amesema yeye hana jina kwa hii shule."

Saa ya chakula Teresa akavuka mto na viatu mkononi. Akapata Jescah anaanika mahindi, na msichana amekaa kwa mlango ya jikoni anachambua mboga, amevaa ile unifomu yake.

"Umeona venye umefanya?" Jescah akaanza, hata salamu hakuna. "Umenifukuzia mtoto kwa shule siku mbili tu!"

"Si ni wewe ulinikataza?"

"Nilikukataza jina. Sikukukataza mtoto."

Teresa akaweka viatu chini. Akachuchumaa karibu na msichana. "Mbona hukuja?"

Msichana akaendelea kuchambua mboga. Halafu akasema polepole, bila kuinua kichwa, na Mwalimu alinirudishia hayo maneno kama mtu anasoma barua:

"Hapa Mama ananiita Mama. Kuka, babu yangu, ananiita mke wake, na nikipita anasema nimpikie. Baba hata hakai na mimi kwa kiti moja, anasema mimi ni mama mkwe wake. Ni watoto peke yao wananiita. Nilifikiri shule mwalimu anaitanga mtu jina yake."

Jescah akageuka akaenda kugeuza mahindi yenye alikuwa ametoka kugeuza.

Hebu fikiria. Una miaka saba na tayari wewe ni mama ya mama yako, mke wa babu yako, na mtu wa kuogopwa na baba yako mwenyewe. Wote wanakupenda, hakuna mwenye anakutesa. Lakini kila mtu akikuangalia anaona mtu mwingine amesimama nyuma yako. Shule ndio mahali ulikuwa unangojea uingie peke yako.

Teresa akarudi shule, akaenda kwa ofisi ya hedimasta, akamwambia yote. Mwalimu Kibiwott akasikiza na mkono kwa kidevu. "Hata kwetu ni hivyo," akasema. "Mke wangu hajawahi kutaja babangu. Akitaka kusema jina ya kijiji chetu anakohoa, juu inafanana na jina ya babangu." Akafikiria. "Siwezi kukuambia useme, na siwezi kukuambia usiseme. Lakini naweza kukubadilisha. Chukua la tatu, Mwalimu Chemutai achukue la kwanza. Yeye hana mkwe huku. Mtoto ataitwa, wewe utakuwa sawa na watu wako, na hakuna mwenye ameumia."

Ilikuwa njia nzuri, hata mimi ningechukua. Teresa akasema, "Nipe mpaka Ijumaa."

Jioni akamwambia Protus, wakiwa kwa meza, obusuma, yaani ugali, na mboga.

"Kwani ni jina ngapi hizo?" Protus akasema. "Ita tu mara moja, mambo iishe."

"Sawa. Na wewe taja ya mama yangu. Mara moja tu. Nasikiza."

Protus akavuta bakuli. Akaongeza mboga.

Alhamisi pia mtoto hakuja. Teresa akiwa anatoka kuchota maji akasimama kwa kaburi, akaweka ndoo chini. Akaangalia hizo herufi. Aliniambia alikuwa na hasira kidogo kwa huyo mama mwenye hakuwahi kumuona, kama kwamba yeye ndiye amekataa. Halafu hasira ikaisha, na akaanza kufikiria vizuri. Kama watu walitaka hii jina inyamaze, wangeiacha hapa kwa simiti. Si iko sawa hapa? Lakini Jescah alikuja akaichukua akampa mtoto. Na mtu hapewi jina ndio ifichwe. Anapewa ndio siku moja mtu asimame kwa mlango apige kelele, "Fulani, kuja chakula iko tayari!"

Lakini kufikiria ni rahisi. Akajaribu kuisema hapo peke yake, polepole. Haikutoka. Akabeba ndoo akaenda.

Ijumaa asubuhi akapitia kwa Jescah kabla ya kengele. Hakuingia. Akasimama tu kwa uwanja akamwambia msichana, na Jescah akisikia, "Kuja leo. Siku moja tu. Kama sitakuita, utarudi nyumbani na sitakutafuta tena."

Msichana akaangalia mama yake. Jescah alikuwa anafunga kitambaa kwa kichwa, akafunga, akafungua, akafunga tena. Hakusema enda, hakusema usiende. Msichana akachukua juala ya vitabu.

Saa nne Mwalimu Kibiwott akaja na suti yake ya kahawia, akasimama kwa mlango, akaegemea. Teresa akaweka rejista kwa dirisha, mbali, ndio aonekane hasomi. Na hapo kwa dirisha akaona Jescah, nje, na kikapu ya kwenda soko, amesimama kama mtu anangoja mvua iishe, na hakukuwa na mvua.

Akaanza. Hakufuata mstari wa rejista, alikuwa anaenda dawati kwa dawati. Adhiambo. Niko. Kiptoo. Niko. Weldon. Niko! Winrose, toa kitu iko kwa mdomo. Niko. Watoto thelathini, arobaini, arobaini na sita. Hakukosea hata mmoja. Mamangu anasema walikuwa wanapiga makofi kidogo kidogo, na ilipofika arobaini na sita wakaacha, juu hata watoto walijua nani amebaki. Yuko dawati ya nyuma, mikono juu ya meza, anaangalia mbele.

Mwalimu akashika kona ya meza yake.

"Muhonja."

Ilitoka ndogo, ya kupasuka, kama sauti ya mtu ametoka kuamka. Lakini ilitoka.

Na hakuna mtu aliitika!

Msichana alikuwa amekaa tu, mdomo wazi. Nafikiri alikuwa amengoja sana mpaka akasahau kwamba akiitwa anafaa kujibu. Mwalimu Kibiwott akasafisha koo huko kwa mlango. Akasema, pole kabisa, "Mwalimu, kuna mtu mmoja hajaitika."

Kwa hivyo ilibidi arudie. Mara ya kwanza mtu anaweza kusema imemponyoka. Ya pili ni ya kupenda mwenyewe. Teresa akaangalia dirisha, Jescah bado yuko. Akavuta pumzi. Na hii mara akaita kama mwalimu, ile sauti ya kufika mpaka choo ya wavulana:

"Muhonja!"

"Niko, Mwalimu!" Akasimama mpaka dawati ikalia. Hakukaa. Alibaki amesimama, ameshika dawati na mikono miwili, anacheka, na machozi pia iko. Weldon akaanza kupiga makofi, wote wakafuata. Mwalimu Kibiwott akaandika kitu kwa karatasi, akaenda zake.

Teresa akaangalia dirisha tena. Jescah hakuwa.

Sitadanganya ati mambo iliisha vizuri hapo. Jescah hakumsalimia mpaka mwezi wa nne. Wakikutana njiani anavuka upande ule mwingine. Kanisani anakaa benchi ya mbali. Lakini mtoto hakumtoa shule. Kila asubuhi alimleta mpaka kwa geti, anamwachilia hapo, anarudi bila kuangalia ndani. Mwezi wa nne siku moja akafika kwa mlango ya darasa, akasema, "Mulamwa, huyu amepoteza penseli, mpe ya kuazima." Hiyo ndio ilikuwa salamu. Mwalimu aliichukua hivyo hivyo.

Lakini hiyo jioni ya Ijumaa Teresa hakuwa anajua kama kutakuwa na mwezi wa nne. Alijua tu kwamba neno itafika kwa Mzee Cornelius kabla ya giza, na ni heri itoke kwake. Akaenda. Huku kwetu mke haingii tu kwa nyumba ya baba mkwe akaketi, kwa hivyo alisimama nje, kwa ukuta, upande wa nyuma. Mzee alikuwa ndani anapukuchua mahindi, alisikia zikianguka kwa karai.

"Baba," akaita.

"Ni nani?"

"Ni mimi, mama ya watoto."

"Watoto gani? Hata mmoja hujaleta hapa."

"Wa shule, Baba. Arobaini na saba."

Akasikia mzee anacheka kwa pua. Mahindi ikaendelea kuanguka. Teresa akamwambia. Hakuzunguka, alisema tu: nimetaja. Leo, darasani, mbele ya watu. Mara mbili.

Mahindi ikanyamaza.

Aliniambia alisimama hapo akihesabu mawe ya ukuta. Alikuwa amejitayarisha kwa faini, kwa kuku, kwa kuambiwa aende kwao Malava akaite wazazi wake. Halafu mzee akakohoa.

"Ulipoita," akauliza, "nani aliitika?"

"Mtoto, Baba."

"Mtoto peke yake?"

"Peke yake."

"Basi ni mtoto uliita." Punje moja ikaanguka kwa karai, halafu ingine. "Kama mwenyewe angeitika, hapo sasa tungekuwa na kesi."

Teresa hakujua kama anafaa kucheka. Alishika mdomo na mkono. Akataka kuaga, aende, lakini mzee hakuwa amemaliza.

"Na aliitika na sauti?"

"Na sauti, Baba. Mpaka dawati ikalia."

Mahindi ikaanza kuanguka tena, haraka haraka, kama mtu ambaye amekumbuka jua linazama.

"Eh," akasema huko ndani. "Yule mwingine pia alikuwa na sauti."